Nani asimulie habari za kasha? Uchambuzi wa mswada mmoja wa hadithi fupi

Mswada unaochambuliwa hapa ni wa hadithi fupi yenye maneno 3,200 hivi. Umetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu, lakini makosa yake ni yale yale ambayo mhariri wa hadithi za Kiswahili hukutana nayo mezani kila mara. Mwandishi ana kisa kizuri na lugha anayo, ila hajaamua ni nani anayesimulia, wala msimulizi huyo anasimulia kutoka umbali gani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee mmoja wa Pangani amefariki na kuacha nyumba na mabinti wawili. Mwanaisha, mdogo, amekuja msibani kutoka Dar es Salaam akiwa na shauri lake moyoni: nyumba iuzwe, wagawane. Zuhura, mkubwa, ndiye aliyebaki na mzee miaka yote. Matanga yakishaondolewa na wageni kutawanyika, Mwanaisha anafungua kasha la baba kutafuta hati ya nyumba. Hati hamna. Anachokuta ni barua ya chama cha kuweka na kukopa inayokumbusha marejesho. Kumbe miaka mitano nyuma mzee aliiweka hati dhamana ili Mwanaisha alipiwe ada ya chuo, na tangu hapo Zuhura ndiye anayelipa marejesho kwa pesa za samaki anaouza. Hadithi ina mandhari tatu: kuwasili stendi, kasha, na mazungumzo ya jikoni alfajiri.

Hii ndiyo aya ya kasha kama ilivyo kwenye mswada wa kwanza:

"Mwanaisha anafungua kasha la baba yake. Ndani mna kanzu tatu, tasbihi na bahasha ya kaki. Zuhura alisimama mlangoni akimtazama. Aliogopa. Alijua kilichomo ndani ya bahasha ile na alijuta kutoichoma tangu jana. Anaifungua. Anasoma mstari wa kwanza na moyo wake unalipuka. Alimgeukia akamwuliza hati iko wapi. Hakumjibu. Alikuwa anafikiria zile ada za chuo alizokuwa anazilipia kila mwezi."

Ukiipitia haraka aya hii haina neno baya. Ukiisoma kwa sauti unajikwaa mara tatu.

Inapokwama

Anza na njeo, yaani wakati wa kitenzi. Sentensi mbili za kwanza ni -na-, tatu zinazofuata ni -li-, kisha -na- inarudi, kisha -li- tena. Mwandishi hakupanga hivyo, lakini mchoro upo: matendo ya kasha na bahasha, kama kufungua na kusoma, yameandikwa kwa -na-, na karibu kila anapoingia moyoni mwa mtu anaandika -li-. Ana picha ya filamu kichwani, anaitangaza inavyopita, halafu anapotaka kueleza anarudi kwenye sauti ya mtambaji wa hadithi. Kosa hili halitibiki kwa kubadilisha vitenzi kimoja kimoja, kwa sababu chanzo chake ni umbali. Msimulizi yumo chumbani na papo hapo yuko mbali, baada ya mambo kwisha.

Kikwazo cha pili ni vichwa. Ndani ya sentensi kumi tumeingia moyoni mwa Zuhura, tukatoka, tukaingia moyoni mwa Mwanaisha, tukarudi kwa Zuhura. Gharama yake si ya mtindo peke yake. Sentensi ya mwisho inamwambia msomaji kwamba Zuhura ndiye aliyelipa, na hilo ndilo jambo ambalo mandhari ya jikoni iliandikwa ili kulifunua. Msomaji anafika jikoni akiwa na jibu mfukoni, kisha anasomeshwa maneno 1,100 ya mazungumzo yanayompeleka mahali ambapo ameshafika.

Cha tatu ni cha Kiswahili chenyewe, na waandishi waliojifunza kanuni za utunzi kupitia vitabu vya Kiingereza mara nyingi hawakioni. Kiambishi a- hakibagui. Mwanamke, mwanamume, mkubwa, mdogo, wote ni a-, na anayetendewa ni -m-. "Anaifungua": nani? Mtu wa mwisho kutajwa ni Zuhura, kwa hiyo sikio linampa Zuhura tendo hilo kabla akili haijarekebisha. "Alimgeukia akamwuliza hati iko wapi. Hakumjibu." Hapo a- imeshika watu wawili kwa zamu bila kutoa taarifa. Chukua sentensi moja zaidi ya mswada huo huo, kutoka jikoni: "Alipomtazama alijua amejua." Ina a- tatu, na msomaji anaweza kuzigawa kwa watu wawili kwa njia zaidi ya moja, zote zikaleta maana.

Katika nafsi ya tatu tatizo hili lina dawa tatu. Ya kwanza ni kurudia majina, na usiogope kurudia kuliko unavyodhani. Ya pili ni kutumia uhusiano: dada yake, mdogo wake, mwenzake. Ya tatu ndiyo bora na haitumiki vya kutosha, nayo ni kumpa kitu kazi ya mtu ili ngeli zitofautishe. "Mkono wa Zuhura uliganda kwenye mlango" una u-, "macho yalimtoka" yana ya-, na hakuna atakayechanganya viambishi hivyo na a- ya Mwanaisha. Mwandishi mwenye watu wawili wa a- chumbani, ambaye hajaanza kuwatumia mikono, macho, mtandio na bahasha kama watenda, anajinyima kitu ambacho lugha imempa bure.

Karatasi ya nani anajua nini

Kabla ya kuchagua nafsi, andika mambo mazito ya hadithi, yasizidi sita, na mbele ya kila moja andika nani analijua mwanzoni na nani analijua lini baadaye. Kwa kisa hiki yanatoka manne.

Kwamba Mwanaisha anataka kuuza: anajua yeye tu, Zuhura anaambiwa jikoni. Kwamba hati haipo: anajua Zuhura, Mwanaisha anajua kwenye kasha. Kwamba iliwekwa dhamana kwa ajili ya ada: anajua Zuhura, Mwanaisha anaambiwa jikoni. Kwamba Zuhura ndiye aliyekuwa akilipa: hivyo hivyo.

Karatasi inaonyesha jambo ambalo mswada ulikuwa umelificha hata kwa mwandishi wake. Siri ziko mbili, kila ndugu na yake, na zote zinakutana jikoni. Ukimfanya Zuhura msimulizi, mambo matatu kati ya yale manne anayajua yeye. Itabidi amfiche msomaji kile anachokijua tangu sentensi ya kwanza, na msomaji akija kugundua atahisi ametapeliwa. Ukimfanya Mwanaisha msimulizi, unachoficha ni kile ambacho mwenyewe hakijui. Huo ni uficho halali.

Haina maana kwamba Zuhura hafai. Akisimulia yeye na kumwambia msomaji yote mapema, swali linabadilika kutoka "kuna nini?" na kuwa "atamwambia, au atakaa kimya hadi lini?" Hiyo ni hadithi nzuri sana, pengine nzito kuliko hii, lakini ni nyingine. Mandhari ya stendi ingefutwa yote kwa kuwa Zuhura hakuwako, na jikoni ndiko kungekuwa mwanzo. Mwandishi anayetaka kusimulia kupitia Zuhura akubali kuandika upya, asidhani atabadilisha viambishi tu.

Ipo pia njia ya msimulizi maizi, yule anayejua yote na kuingia kila kichwa. Kiswahili kina urithi mkubwa hapa. Mtambaji wa "hapo zamani za kale" hakuomba ruhusa kuingia moyoni mwa sultani wala mwa sungura. Kuruka kutoka kichwa hadi kichwa si kosa katika njia hiyo, mradi msimulizi ajitambulishe tangu mstari wa kwanza kuwa ndivyo alivyo: "Mabinti wawili wa marehemu walilala nyumba moja siku tatu, kila mmoja na siri yake." Baada ya sentensi kama hiyo msomaji amekubali. Sharti jingine ni kwamba kati ya kichwa na kichwa iwepo angalau sentensi moja ya msimulizi mwenyewe, inayotazama chumba au wote wawili kwa pamoja. Mswada wetu haukufanya hata moja. Ulianza karibu sana na Mwanaisha, ukamtelezesha msomaji bila kumwandaa.

Majaribio kwenye mandhari ngumu

Waandishi wengi hujaribu nafsi na njeo kwenye aya ya kwanza ya hadithi. Huko kila njia hupendeza. Jaribu kwenye mandhari ambayo taarifa inabadilisha mikono, maneno 100 hadi 150, toleo moja baada ya jingine bila kuangalia lililotangulia. Hapa mandhari hiyo ni kasha.

Nafsi ya tatu iliyo karibu na Mwanaisha, -li- na -ka-:

"Mwanaisha aliinua kifuniko cha kasha. Kanzu tatu, tasbihi, bahasha ya kaki. Akaivuta bahasha, akasoma mstari wa kwanza, akaurudia. Alipogeuka, Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, tangu saa ngapi Mungu ndiye ajuaye. 'Dada, hati iko wapi?' Mikono ya Zuhura ikapanda kichwani, ikaufunga upya mtandio ambao haukuwa umelegea."

Inasomeka. Angalia kazi ya mtandio: hofu ya Zuhura, ambayo mswada uliitaja kwa neno "aliogopa", sasa inaonekana kutoka nje, na msomaji anajua kuna jambo bila kujua ni lipi. Ila tayari majina yameanza kurundikana, na mandhari ya jikoni, ambayo ni watu wawili tu kwa maneno 1,100, itayahitaji mara nyingi zaidi.

Nafsi ya kwanza, Mwanaisha, -na-:

"Nainua kifuniko cha kasha. Kanzu tatu, tasbihi, bahasha ya kaki. Naivuta, nasoma mstari wa kwanza, naurudia. Nageuka. Dada amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. 'Dada, hati iko wapi?' Anajifunga upya mtandio ambao haujalegea."

Toleo hili linavutia, na sababu ni ya kisarufi. Katika nafsi ya kwanza nina- hufupika kuwa na-: nainua, nasoma, nageuka. Ndivyo watu wanavyosimulia kibarazani: "basi nafika pale, namkuta amekaa". Katika nafsi ya tatu huna ufupisho huo kwa urahisi. "Anainua, anavuta, anasoma, anarudia, anageuka" hugeuka mdundo wa ana-ana-ana unaochosha kabla ya ukurasa kwisha. Mwandishi anayetaka njeo ya sasa atazame kwanza kama nafsi yake inamruhusu kuipunguzia uzito.

Faida ya pili ya toleo hili ni usafi wa tabaka za wakati. Yanayotokea chumbani ni -na-, hali iliyokwisha tokea ni -me- ("amesimama", "haujalegea"), na miaka ya chuo ni -li-. Hakuna haja ya "alikuwa ame-" hata mara moja.

Hasara yake ni -ka-. Kiambishi hiki ndicho gundi ya masimulizi ya Kiswahili: "akavuta, akasoma, akaurudia" inasema haya yalifuatana na hili limezaa lile, bila "kisha" wala "halafu". Katika masimulizi ya -na- gundi hiyo huna. Matendo yanasimama kando kando. Kwa hadithi ya maneno 800, yote katika chumba kimoja, hilo ni sawa na hata ni zuri. Kwa maneno 3,200 yenye siku tatu za matanga katikati, mwandishi atalazimika kuruka muda, na "siku tatu zinapita" ni sentensi inayovunja ahadi ya kuwa tunaona mambo yanapotokea.

Toleo la mwisho ni nafsi ya kwanza, Mwanaisha, -li- na -ka-. Hapa ni- na a- zinatenganisha ndugu wawili katika kila kitenzi bila jina hata moja: "nikamwuliza, hakunijibu". Tatizo la tatu la mswada linakwisha lenyewe. Lakini linazuka lingine: anayesema "nilifungua" ameshajua kilichokuwamo. Kwa nini asitwambie?

Uamuzi

Swali hilo ndilo la kulijibu kwa nafsi ya kwanza ya wakati uliopita, na jibu lake ni tarehe. Msimulizi anasema lini? Kama ni usiku ule ule, bado ana hasira na barua mkononi, na hajaambiwa ya jikoni. Kama ni miaka kumi baadaye, deni limekwisha, amesamehewa, na kila sentensi itakuwa na ladha ya kujitetea. Atashindwa kuonyesha tamaa yake ya kuuza kwa uwazi unaotakiwa, kwa sababu ameshaijutia mara nyingi.

Uamuzi unaofaa kisa hiki ni Mwanaisha, nafsi ya kwanza, -li- na -ka-, akisimulia siku ya arobaini ya baba yake. Siku hiyo ina faida zote. Watu wanakusanyika tena nyumbani, na wapo watakaouliza habari za nyumba, kwa hiyo ana sababu ya kusema. Deni bado lipo. Anajua yote ila hajapata muda wa kuyapamba. Na kwa kuwa anajua, asijifanye hajui: kutokuwepo kwa hati kunatolewa kwenye sentensi ya kwanza kabisa, na kinachobaki kwa jikoni ni kwa nini na nani amelipa.

"Hati ya nyumba yetu haikuwamo kashani, na leo, siku ya arobaini ya baba, bado haijarudi."

Sentensi moja ya maneno 15 imeweka nafsi, umbali, njeo kuu na njeo ya pili. "Haikuwamo" ni wakati wa kisa, "haijarudi" ni wakati wa msimulizi. Msomaji ameshajua kuna vipindi viwili, na mwandishi ana haki ya kutoka kimoja kwenda kingine mahali popote mradi arejee kwa alama iliyo wazi.

Anachopaswa kuepuka ni "sikujua wakati ule kwamba...". Msimulizi wa arobaini anaruhusiwa maneno hayo, ila kila anapoyatumia anamvuta msomaji kutoka chumbani. Mara moja katika hadithi nzima inatosha, na ni bora isiwepo.

Kuugeuza mswada

Hapa ndipo uamuzi mzuri huharibiwa. Mwandishi anafungua programu ya kuandikia, anatafuta "ana" na kuweka "nili", anasoma juu juu, anatuma. Yafuatayo ndiyo yanayoharibika, na karibu yote hayashikwi na kompyuta.

Hali ya -me- haigeuki kwa kufuata kitenzi kikuu. Mswada ulikuwa na "wageni wanaokuja kutoa pole wanamkuta amelala". Ukibadilisha kila kitu kuwa -li- unapata "walimkuta alilala", ambayo si Kiswahili cha kueleweka. Sahihi ni "wageni waliokuja kutoa pole walinikuta nimelala": -me- inabaki kwa sababu inahesabiwa kutoka pale walipofika. Vivyo hivyo -na- inayofuata kitenzi cha kuona: "nilimwona anakuja" au "akija" ni sawa, wahariri wanaoifuta wakidhani njeo zimechanganyika ndio wanaoharibu.

Maneno ya kuripotiwa yana mtego wake. Mtihani wa shule umetufundisha kwamba katika usemi wa taarifa -ta- inakuwa -nge-, na mkono unaandika "dada alisema kwamba angepika yeye". Katika hadithi sikio linasikia sharti ambalo halikutimia, kama vile kuna kitu kilimzuia. "Dada akasema atapika yeye" ndiyo lugha ya watu, na wakati hauchanganyiki hata kidogo.

Vitenzi vya silabi moja: "anakula" inakuwa "alikula" lakini "akala", "anakunywa" inakuwa "akanywa". Kubadilisha -na- kwa -ka- kimashine kutakupa "akakula" katika mswada wa lugha sanifu, na utaona haya mhariri akikutumia.

Ukanushi katika mfululizo wa -ka-. Hakuna "haka-" ya kukanusha, kwa hiyo wengi hukata mfululizo na kuanza sentensi mpya kwa "haku-". Wakati mwingine inafaa. Lakini lugha ina njia laini zaidi, ya asi- na -e mwishoni: "akaondoka asiseme neno", "akapita asiniangalie". Mfululizo haukatiki, na kimya kinakuwa tendo mojawapo katika mnyororo.

Kiasi cha -ka-. Baada ya vitenzi vitano au sita vya -ka- masikio hulala. Weka nanga upya kwa -li- au "nilipo-", kisha endelea. Na mandhari mpya isianze kwa -ka- bila nanga, isipokuwa unataka msomaji ahisi ameingia katikati ya jambo.

"Alikuwa" nyingi. Mswada ulijaa "alikuwa anafikiria", "alikuwa amekaa", "alikuwa anapika", moja baada ya jingine. Moja kwa kila aya yatosha, zinazofuata zibaki na -ki- au -me- peke yake: "Dada alikuwa jikoni, amekaa kwenye kibao, akikuna nazi."

Kisengerenyuma, yaani kurudi nyuma kwa masimulizi, cha miaka ya chuo kinaingia kwa kitenzi kimoja au viwili vya "alikuwa ame-", basi. "Baba alikuwa ameniahidi chuo tangu nikiwa kidato cha pili. Siku matokeo yalipotoka aliniita barazani, akaniambia..." Kuanzia hapo -li- na -ka- za kawaida zinaendelea, na anayesoma hapotei. Kutoka huko kunahitaji kitu cha chumba cha sasa, na bahasha ipo mkononi kwa kazi hiyo.

Majina ya undugu. Katika nafsi ya kwanza "baba yake" inakuwa "baba", "Zuhura" inakuwa "dada". Mwanaisha hamwiti dada yake mkubwa kwa jina mbele ya msomaji zaidi ya anavyomwita mbele ya watu. Jina Zuhura litatamkwa na wengine: jirani, karani wa chama. Pale karani anaposema "Bi Zuhura hajawahi kuchelewa hata mwezi mmoja", jina hilo linagonga kwa sababu hatujalizoea.

Kisha viashiria. "Pale", "yule", "siku ile" ni maneno ya mtu aliye mbali. "Hapa", "huyu", "leo" ni ya aliye karibu. Msimulizi wa arobaini bado yumo nyumba ile ile, kwa hiyo jikoni ni "humu jikoni" na stendi ni "pale stendi". Mswada ulisema "pale jikoni" kila mahali, mabaki ya msimulizi wa mbali.

Mazungumzo yaliyo ndani ya alama za usemi hayaguswi.

Fikra zote za Zuhura zimetoka. Hapa mwandishi huumia, kwa kuwa mara nyingi ndizo sentensi alizozipenda. Zipitie moja moja: ipi inaweza kuwa tendo la kuonekana, ipi inaweza kuwa kauli yake jikoni, ipi haihitajiki. "Alijuta kutoichoma" haihitajiki. "Aliogopa" imekuwa mtandio. Ada zimekwenda jikoni, kinywani mwake mwenyewe.

Mandhari baada ya marekebisho

"Kasha la baba lilikuwa halijafungwa. Nikainua kifuniko. Kanzu tatu, tasbihi, bahasha ya kaki. Hati hamna. Nikaivuta bahasha, nikasoma mstari wa kwanza, nikaurudia. Nilipogeuka dada alikuwa mlangoni, wala sikuwa nimemsikia akija.

'Dada, hati iko wapi?'

Akajifunga upya mtandio ambao haukuwa umelegea.

'Wali utapoa,' akasema, akaondoka asiniangalie."

Maneno ni machache kuliko ya mswada wa kwanza na kilichomo ni kingi zaidi. Hakuna kitenzi ambacho mwenyewe hajulikani. Siri bado iko mahali pake.

Njeo ya msimulizi inarudi mwishoni mwa hadithi, masimulizi yanapoifikia siku ya arobaini: "Jana nilikwenda na dada kulipa rejesho. Karani akaniuliza aandike jina la nani. Leo watu wanasoma hitma ukumbini." Kutoka -li- hadi -na- hapa si kuteleza, kwa sababu sentensi ya kwanza ya hadithi ilishatoa ahadi ya "leo". Bila ahadi hiyo, -na- ya mwisho ingeonekana pambo.

Kazi iliyobaki ni ya stendi. Ilikuwa na maneno 900 na sehemu kubwa ilieleza safari, basi, joto na mandhari ya njiani, kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Msimulizi mpya, aliyeanza kwa kutaja hati, hana subira hiyo. Maneno 400 yanamtosha: mwandishi amshushe Mwanaisha kwenye basi, ampe shauri lake la kuuza kwa kauli moja iliyo wazi anayomwambia mwenye bodaboda anapouliza kama amekuja kukaa, na amfikishe mlangoni. Baada ya hapo mswada upitiwe mara mbili kwa sauti, na safari ya pili asome mtu mwingine. Kila anaposita kabla ya kitenzi, weka alama, kwani hapo ama a- haina mwenyewe au njeo imehama.